Mkono na Jicho

Mji wa Kilwa Kivinje ulikuwa na mzee mmoja, fundi wa majahazi, ambaye akitia kalafati alijua kwa mlio wa chembeu kwamba pamba imeshiba katika maungio ya mbao. Sikio hilo lilimfaa sana uzeeni, maana mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili, hata ikawa hamtambui mjukuu wake ila kwa sauti.

Mjukuu huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimsimulia habari za Oxford, Uingereza. Huko, mwaka 2016, Profesa Robert MacLaren alitumia roboti kupasua ndani ya jicho la mtu, jambo ambalo halikupata kutendeka kabla ya hapo. Utando uliobanduliwa juu ya retina ulikuwa na unene wa sehemu moja ya mia ya milimita. Mkono wa mwanadamu, hata uwe hodari namna gani, hutetemeka. Mashine huupokea mwendo wa mkono, ikaupunguza, ikauchuja mtetemo, ndipo ikaisogeza ncha ya chombo. Magazeti husema roboti imepasua, kana kwamba daktari alikuwa amelala. Akili mnemba nayo husoma picha za jicho: mwaka 2018 Marekani iliruhusu programu itambue maradhi ya retina yaletwayo na kisukari pasipo daktari kuifasiri picha.

"Babu, siku moja chombo hicho kitafika Lindi," alisema mjukuu.

"Na pa kukomea hupajua?" aliuliza mzee.

"Daktari ndiye akomeshaye."

"Basi, mjukuu wangu, nipeleke kwa daktari."

Walisafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda Lindi. Roboti haikuwako, wala haikuhitajiwa. Daktari alilichana jicho la kulia kidogo tu chini ya darubini, akaitoa lenzi iliyoingia ukungu, akatia ya plastiki mahali pake. Ni rahisi kusema hivyo; lakini lenzi hukaa katika mfuko ambao ukuta wake wa nyuma, pale katikati, una unene wa kiasi cha sehemu nne za elfu za milimita, yaani ni mwembamba kuliko ule utando wa Oxford, nao haufai kutoboka. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono mtupu kila siku, na hakuna gazeti liiandikayo.

Bandeji ilipofunguliwa kesho yake, mzee aliutazama kwanza mkono wake mwenyewe, akauona unatetemeka. Kisha akaomba kuuona wa daktari.