Uyoga Ulionitoa Lindoni

Kwa miaka mingi hapa Johannesburg riziki yangu ilikuwa lindo la usiku. Leo nalala usiku kama watu wengine, na kodi ya chumba Yeoville inalipwa na uyoga. Kazi hii imesimama imara kwa sababu ya mwanga, ingawa watu wengi wataapa kwamba uyoga hupenda giza.

Wana sababu. Ule mweupe wa vifungo unaojaa madukani hapa, katika vibakuli vya plastiki ya buluu, hukuzwa gizani na hauhitaji mwanga. Uyoga ninaoulima mimi, mamama, ni habari nyingine. Mifuko yangu ya kwanza ilikaa stoo isiyo na dirisha, maana ndiyo niliyopewa. Utando mweupe ulienea vizuri ajabu. Kisha yakatoka mashina marefu, membamba, yenye kofia ndogo kama vichwa vya kiberiti. Nilipoupeleka kuuza Rockey Street, hakuna aliyeutazama mara mbili.

Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyewahi kulima uyoga kwao Bukavu, alishika shina moja akasema, “Papa, toboa ukuta. Hii haipumui, tena haioni.”

Uyoga unaona! Lakini ndivyo ilivyo. Hauli mwanga kama mmea, ila unautambua. Kuvu nyingi zina protini iitwayo White Collar 1. Mwaka 2002 ilithibitishwa kuwa ndiyo inayopokea mwanga katika Neurospora, kuvu ya rangi ya chungwa iliyowasumbua waoka mikate wa Paris miaka ya 1840. Protini hiyo imeshika kemikali itokanayo na vitamini B2, inayonasa mwanga wa buluu. Ikiunasa, jeni huamka ndani ya dakika chache. Utando uliojichimbia ndani ya gogo, ukikuta mwanga, umepata habari kwamba umefika nje, kwenye upepo wa kusambaza vimbegu vyake. Hapo ndipo kufungua kofia kuna faida.

Hewa nzito nayo hurefusha mashina, hivyo tundu nililotoboa ukutani lilifanya kazi mbili. Mavuno yaliyofuata yalikuwa na kofia pana za kijivu, na wateja wakaanza kubisha hodi wenyewe.

Kwa anayetaka kuanza: utando ukishajaa mfuko, upe mwanga wa kutosha kusoma gazeti, kwa muda wa saa 8 hadi 12 kwa siku. Taa nyeupe ya kawaida yatosha. Jua la moja kwa moja liepuke, hasa huku juu, mita 1,750 hivi kutoka usawa wa bahari; linakausha mifuko. Na mwenye stoo isiyotobolewa, alime ule wa vifungo.