Nilipotembea Juu ya Mlima wa Moto

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, mahali ambapo ardhi yenyewe ni zao la volkano. Mlima tunaoutazama kila asubuhi ulipata kutapika moto hapo kale, na Ziwa Ngozi, ambalo wazee walitukataza watoto kulikaribia, limetulia ndani ya kasoko. Kwa hiyo mwezi Mei, nilipomaliza kazi iliyonipeleka Ugiriki na kubakiwa na siku tatu zangu mwenyewe, sikuvutiwa sana na magofu ya Athens. Nilisafiri hadi kisiwa cha Kos, na kutoka huko nikapanda meli ndogo iendayo Nisyros.

Lakini nilikuwa na mzigo moyoni. Juma moja kabla ya safari, kaka yangu alinipigia simu kuniarifu kwamba jirani anataka kulinunua shamba la mama. Mama amezeeka, migomba imesongwa na magugu, na sisi watoto wote tuko mijini. “Sema ndiyo tumalize,” aliniambia. Nami nilikuwa karibu kusema ndiyo.

Nisyros ni kisiwa cha mviringo, chenye upana wa kilometa 8 hivi na wakazi wapatao 1,000. Chote ni mlima mmoja wa volkano uliochomoza baharini. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Poseidon, mungu wa bahari, alimkimbiza jitu aitwaye Polybotes, akavunja kipande cha Kos na kumtupia, jitu akabaki amegandamizwa chini yake. Ardhi ikitetemeka, ni jitu anayejinyoosha.

Siku ya pili nilipanda basi hadi Nikia, kijiji cheupe kilichoketi juu ya ukingo wa mlima. Kutoka pale macho yanaangukia bonde kubwa, upana wake kilometa 4 hivi. Zamani sana mlima ulipojimwaga tumbo lake, kilele kikakosa cha kukishikilia, kikaporomoka ndani, na bonde hilo ndilo lililobaki. Nilishuka kwa miguu kwa njia nyembamba ya mawe, fimbo mkononi na chupa ya maji begani, kengele za mbuzi zikilia huku na huku vichakani.

Chini kabisa lipo kasoko liitwalo Stefanos, shimo lenye upana wa mita 300 hivi na kina cha karibu mita 30. Harufu yake ni ya mayai yaliyooza. Mvuke unafoka katika matundu ambayo midomo yake imepambwa na fuwele za kiberiti, rangi ya manjano kama ya embe lililoiva. Tope linatokota. Hapa maji yazamayo ardhini hukutana na miamba ya moto na kugeuka mvuke. Ukizidi nguvu, hupasua ardhi, kama ilivyotokea mara kadhaa kati ya mwaka 1871 na 1887. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilipita kamba iliyozuia watu ili nipige picha nzuri zaidi. Udongo ulititia chini ya mguu wangu wa kulia, joto likapenya soli ya kiatu. Nilirudi mbio, moyo ukinidunda, nikijilaumu kwamba mtu mzima mwenye watoto wawili nyumbani angeweza kuungua kwa ajili ya picha.

Baadaye nilianza kupanda upande wa pili kuelekea kijiji cha Emporios, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Mteremko mzima, toka chini hadi juu, umekatwa ngazi. Kila ngazi ni kishamba chembamba kilichozuiliwa kwa ukuta wa mawe meusi ya volkano, yaliyopangwa kwa mkono pasipo saruji. Hapo watu walilima nafaka, mizabibu, mizeituni na milozi. Leo sehemu kubwa ya ngazi hizo imeota miiba. Mahali pengi kuta zimebomoka, na mawe yamezagaa njiani hata nikalazimika kuyaruka.

Emporios kwenyewe nyumba nyingi hazina paa. Nilimkuta bibi mmoja ameketi kizingitini akimenya lozi. Alikuwa amewahi kuishi New York kwa binti yake, kwa hiyo Kiingereza alikijua. Alinikaribisha kiti, akanipa sumada, sharubati nyeupe ya lozi. Nilimwuliza kama watu walihama kwa kuogopa volkano.

Alicheka. “Tetemeko la mwaka 1933 lilizibomoa nyumba nyingi, mwanangu, na wengine waliteremka pwani. Lakini nyumba hujengwa tena wakiwapo vijana. Vijana walifuata kazi Marekani. Kila mmoja alisema atarudi baada ya miaka miwili.”

Nilimwuliza kwa nini yeye hakuliuza shamba lake akabaki kwa bintiye. “Nimwuzie nani?” alijibu. Kisha akaongeza kwamba binti yake huja wakati wa kiangazi, na siku ya kwanza huenda shambani kuokota mawe yaliyoanguka na kuyarudisha ukutani. “Hamalizi. Lakini huniambia mambo yake tukiwa tunaokota.”

Nilishuka kwenda bandari ya Mandraki jua likizama, kwa njia ya zamani ipitayo katikati ya ngazi zile. Nilipokuta jiwe limeanguka mahali rahisi, nililirudisha. Niliyatengeneza saba au manane, kazi isiyo na maana katika mlima wenye mawe yasiyohesabika. Usiku ule nilimpigia kaka simu, nikamwomba asitoe jibu mpaka nifike.

Mwezi Juni nilipanda basi toka Dar es Salaam, safari ya kutwa nzima, nikafika Tukuyu usiku mvua ikinyesha. Nilikuwa sijamwona mama kwa miaka mitatu. Asubuhi nilianza kumweleza mipango yangu ya shamba, palizi, vibarua na gharama. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniuliza, “Je, umekuja kuliona shamba au kuniona mimi?”

Sikuwa na jibu. Nilichukua jembe, nikamfuata migombani.

Shamba halikuuzwa. Mtoto wa shangazi analima nusu yake, nusu nyingine bado ina magugu, na sisi ndugu tumekubaliana kwenda kwa zamu. Zamu yangu ni Desemba. Nauli nimekwisha kuiweka kando.