Ufa wa Kitako cha Bunduki

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba hapa Nyamwage, wilaya ya Rufiji. Kazi yangu ni mbegu na jembe. Lakini huku kwetu mkulima hulala ndani ya dungu akilinda mpunga na mahindi, kwa sababu nguruwe pori huweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Tena nyuma ya nguruwe hufuata simba. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji. Kwa hiyo bunduki yenye leseni ni chombo cha shamba, na chombo hutunzwa.

Mimi ninayo bunduki ya marisau, na leseni yake ninayo. Siku moja iliniponyoka nikishuka kwenye dungu. Kwa bahati haikuwa na risasi. Kitako kilipata ufa mdogo. Niliufunga kwa mpira wa baiskeli, nikasema yatosha. Usiku nguruwe walipokuja nilipiga risasi moja. Kitako kilivunjika na kibanzi kikanichana shavu. Nguruwe wakaendelea kula. Asubuhi mke wangu aliniuliza, "Bwana shamba, si wewe unayetuambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta?" Sikuwa na jibu.

Sasa sikiliza nilivyojifunza.

Kwanza, toa risasi zote. Tazama ndani ya mtutu, kisha tazama tena. Risasi ziweke mbali, watoto wasizifikie.

Pili, angalia ufa uko wapi. Shingo ya kitako, pale unaposhika kwa mkono, ni nyembamba, nayo hupokea nguvu nyingi bunduki inaposukuma nyuma. Ufa ukiwa shingoni au karibu na chuma, usiutengeneze mwenyewe. Usipige hata risasi moja. Peleka bunduki kwa fundi wa silaha mwenye leseni.

Tatu, ufa mdogo ukiwa nyuma, penye mti mnene, unaweza kuutengeneza nyumbani. Futa mafuta yote, maana gundi haishiki penye mafuta. Acha pakauke. Ingiza gundi ya mbao mpaka ndani ya ufa. Kaza kwa mpira, uache usiku na mchana.

Nne, toboa tundu jembamba linalokatiza ufa. Ingiza kijiti cha mninga kilichopakwa gundi. Usipige msumari, kwa kuwa msumari hupasua mti. Gundi ikikauka, kata kilichozidi, piga msasa, paka vanishi.

Umeona? Mpira ule ule ulionidanganya una kazi yake. Kazi yake ni kushika mti wakati gundi inakauka. Hauwezi kuwa dawa ya ufa.

Ndugu msomaji, kitazame kitako chako leo mchana, kwenye mwanga. Usingoje nguruwe waingie shambani ndipo ukitazame.