Barua kwa Mpwa Asomaye Huku Muziki Ukilia

Kwa mpwa, Mbagala.

Barua hii inahusu jambo ambalo wazazi wa mpwa wamelilalamikia na ambalo yeye analitetea kwa nguvu, nalo ni desturi ya kusoma, kufanya kazi na hata kulala huku muziki ukilia masikioni. Wazazi wanasema muziki unamharibia masomo. Mpwa anasema bila muziki hamalizi hata ukurasa mmoja. Pande zote mbili zinauzungumzia muziki kana kwamba ni wa namna moja, ilhali jibu linategemea ni muziki gani unaolia na ni kazi gani akili inaifanya kwa wakati huo.

Utetezi wa mpwa una ukweli wake, na ukweli huo unaanzia katika nyumba anayoishi. Katika nyumba nyingi za kupanga za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tandale, ambamo familia nzima hukaa chumba kimoja au viwili na ukuta wa kati mara nyingi haufiki kwenye bati, ukimya si jambo la mtu kuchagua. Redio ya jirani, maongezi ya korido na spika za grosari huingia chumbani bila ruhusa, na usiku wa kigodoro, yaani sherehe ya mtaani inayokesha hadi alfajiri, hakuna dirisha linalosaidia. Kijana anayevaa hedifoni katika mazingira hayo anafanya jambo la busara, kwa sababu anabadilisha kelele asiyoitaka kwa sauti anayoitawala mwenyewe, na anayemlaumu kana kwamba amekimbia ukimya anamwonea, kwa kuwa ukimya wenyewe haukuwapo.

Wala haifai mzee yeyote audharau muziki wenyewe. Muziki wa mchiriku ulipigwa na vijana wa uswahilini kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya kuungaunga, na kundi la Jagwa la Mwananyamala lililoanza mwaka 1992 liliufikisha hadi Ulaya. Kutokana na mchiriku na vipande vya taarab vilivyorudiwarudiwa ikatoka singeli, ambayo studio ya Sisso ya Mburahati iliitangaza nje ya nchi mwaka 2017, pale kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Huo ni urithi wa kujivunia. Lakini singeli hukimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100, na ilitungwa kwa ajili ya miguu na jasho. Ni mwenzi mwema wa anayefua, anayefyatua matofali au anayepiga deki, na mwenzi mbaya wa anayesoma.

Sababu ya ubaya huo inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza habari za kumbukumbu tendi, yaani sehemu ya akili inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi wakati mtu anayafanyia kazi, na ndani yake mna sauti ya ndani, ile inayomrudishia mtu namba ya simu kimyakimya mpaka atakapoiandika. Msomaji huitegemea sauti hiyo kushika mwanzo wa sentensi hadi afike mwisho wake, na maneno yanayoimbwa huingia kwa mlango huohuo bila kubisha hodi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania mzigo unaongezeka, kwa sababu sekondari anasoma kwa Kiingereza na mara nyingi anajieleza mwenyewe kwa Kiswahili kichwani, kwa hiyo wimbo wa Bongo Fleva unakalia pale hasa anapofasiria. Daftari la Biolojia la mpwa, ambalo mama yake alilileta hapa Kinondoni, linaonyesha jambo hilo waziwazi: katikati ya maelezo ya Kiingereza kuhusu mzunguko wa damu mna maneno mawili ya kibwagizo cha Kiswahili, yamekatwa kwa mstari mmoja, na sentensi iliyofuata haikumalizika.

Mpwa anaweza kujibu kwamba nyimbo azipendazo hazimsumbui. Lakini mwaka 2011 Nick Perham na Joanne Vizard, watafiti wa Wales, waliwapa watu kazi ya kukumbuka herufi kwa mpangilio wake, mara wakisikia muziki waupendao na mara wasioupenda. Aina zote mbili ziliwaharibia kwa kiasi kilekile, na ukimya ukawa bora. Anaweza pia kusema, kama wengi wasemavyo jijini, kwamba anaweka nyimbo za Kikongo kwa kuwa Kilingala hakielewi. Hoja hiyo nayo ilijibiwa zamani, mwaka 1976, katika jaribio la Colle na Welsh ambamo watu wasiojua Kijerumani walisikilizishwa maandishi ya Kijerumani na kumbukumbu zao za herufi zikashuka vilevile.

Zaidi ya hayo, zilipendwa, yaani nyimbo za dansi za zamani, ambazo wazee huziona tulivu na hivyo salama, pengine ndizo za kuepukwa zaidi wakati wa kusoma. Tungo za bendi ya Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na za bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ni visa vya ndoa, kazi na majirani vinavyosimuliwa hatua kwa hatua, na anayezipiga huku akisoma anavikosesha haki vyote viwili, wimbo na kitabu.

Pamoja na hayo muziki una nafasi yake, na kwa kazi za mikono nafasi hiyo ni kubwa. Juni 1940 BBC ilianza kipindi cha Music While You Work kwa wafanyakazi wa viwandani, nusu saa asubuhi na nusu saa mchana, kwa kuwa kazi ya kurudiarudia huchosha na muziki huamsha; fundi cherehani wa Tandika mwenye redio juu ya meza anafuata busara hiyohiyo. Kwa masomo, inafaa mpwa asikilize wimbo aupendao kabla ya kufungua kitabu na wakati wa mapumziko. Wakati wa kukariri azime kabisa, na pale jirani anapozidi, aweke ala zisizo na waimbaji, kwa sauti ya chini kiasi cha kufunika tu kelele za nje.

Kuhusu usingizi, mpwa ana haki zaidi kuliko wazazi wanavyodhani. Utafiti wa Hungaria uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanafunzi wenye usingizi mbovu waliosikiliza muziki mtulivu kwa dakika 45 kabla ya kulala, kwa majuma matatu, walilala vizuri zaidi, ilhali waliosikiliza vitabu vya kusimuliwa hawakupata nafuu hiyo. Sharti ni muziki uwe wa polepole, simu itegwe ijizime, na hedifoni zitolewe masikioni. Shirika la Afya Duniani linataja kikomo cha desibeli 80, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 kwa juma, na kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Anayelala kila usiku na sauti iliyopandishwa ili kushindana na kigodoro anaupita mpaka huo upesi, na sikio likishaharibika kwa kelele halirudi.

Kwa kuwa mtihani wa kidato cha sita unakaribia na chumba hakitabadilika, inafaa mpwa akasomee Maktaba Kuu ya Taifa katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, kwani ina meza, mwanga na ukimya ambao Mbagala haina. Nauli ya daladala ya kwenda na kurudi itatumwa kwa simu ya mama yake, na daftari la Biolojia litarudishwa kwa mkono wa shangazi Jumapili ijayo.

Ni mjomba wake, Kinondoni.