Minazi 48 ya Kunduchi

Babu mzaa mama hakupenda kuitwa "mzee" tu. Alikuwa Mwinyi, na ukiusahau Umwinyi wake shikamoo yako ilibaki hewani mpaka ujirekebishe. Hiyo ni Kunduchi Pwani ya miaka ya 1980, ngalawa nyingi kuliko magari, vumbi la kiwanda cha saruji cha Wazo likitua kwenye nguo tulizoanika.

Ukoo wetu ulijihesabu Washomvi, na babu alisema sisi ni damu ya majumbe, watawala wa miji ya pwani. Ushahidi wake ulikuwa makaburini. Kule kwenye mibuyu kuna magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 na ya 19. Wenyewe walipachika sahani na bakuli za kaure kutoka ng'ambo kwenye nguzo hizo. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa, laini kama ndani ya kifuu. Babu alikuwa akiingiza kidole kwenye tundu mojawapo na kusema, "Hapa palikuwa na sahani ya babu yangu."

Bibi, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alimjibu: "Na wali wake uko wapi?"

Babu hakuficha kwamba ujumbe ulikuwa na gharama. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameyaeleza mambo hayo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903: anayetaka kutawala alitoa ada kwa wakubwa waliomtangulia na akalisha watu. Akishalisha, alistahili kilemba.

Nilipofika Chuo Kikuu, Mlimani, kusoma historia nikakutana na Waingereza waliofanana na babu. Mwaka 1611 mfalme James wa Kwanza, hazina ikiwa imekauka, alianza kuuza cheo kipya, ubaroneti. Mwenye ardhi ya kumwingizia pauni 1,000 kwa mwaka alilipa pauni 1,095, akaitwa Sir yeye na warithi wake wa kiume. Bei hiyo haikuokotwa: ni mshahara wa askari 30 wa kwenda Ulster, Ireland, peni 8 kwa siku kila mmoja, kwa miaka 3. Wa kwanza kupewa alikuwa Nicholas Bacon wa Redgrave, Suffolk. Babu angeelewana naye kabla kahawa haijapoa.

Wangegombana kwenye mirathi. Kwa mabwana wale, cheo na shamba vilimwendea kifungua mimba wa kiume, mara nyingi kwa hati zilizomzuia hata yeye kuuza. Mabinti walipewa fungu la kuolewea, wadogo wakatafute riziki kanisani, jeshini au mahakamani. Francis Bacon, mwanafalsafa, alikuwa ndugu wa Nicholas huyo kwa baba. Kwa kuwa ndiye kitinda mimba, baba yao alipofariki mwaka 1579 aliambulia kidogo tu, akashika uanasheria.

Babu alipofariki, shehe alikuja shambani na daftari, nyuma yake kijana amebeba kopo la chokaa. Minazi ilikuwa 48. Thumuni ya mjane, 6. Iliyobaki 42: wajomba wawili 12 kila mmoja, mama na dada zake wawili 6 kila mmoja. Hesabu ilitulia kama imepangwa. Ugomvi ulikuwa ni mnazi upi. Bibi aliwahi ya karibu na kisima. Mama mdogo alisimama chini ya mti aliogawiwa, akautazama mpaka kileleni, akasema, "Shehe, huu unazaa makuti tu." Shehe akampandisha mkwezi, mkwezi akashuka na vidaka vitatu vilivyonyauka, mti ukabadilishwa. Kila shina likapigwa chokaa, mstari kwa mjomba huyu, mistari miwili kwa yule, nukta kwa wanawake.

Mjomba mkubwa aliona ukoo unachinjwa mbele yake. "Jumbe gani ana minazi 12?" aliuliza. Ujumbe wenyewe ulikwisha zamani. Wajerumani waliugeuza kazi ya kudai kodi ya nyumba, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikaufuta uchifu kwa sheria. Mimi, mtoto wa binti, niko upande wa shehe. Redgrave, mama asingepata hata kuti la shambani. Hapa minazi yake 6, baada ya mkwezi kuchukua nazi zake, ndiyo iliyoninunulia sare na madaftari, na hakumwomba kaka yake ruhusa ya kuuza nazi hata moja.

Kasoro ya ugawaji ule tuliiona jiji lilipotufikia. Wanunuzi hawakutaka nazi, walitaka kiwanja, na minazi ya mama ilikuwa kwenye pembe tatu tofauti za shamba. Ikabidi ukoo ukae tena mkekani kubadilishana, mti kwa mti, hatua kwa hatua, ili kila mtu apate kipande kimoja kinachoshikana. Vikao vilikuwa virefu, na bibi alivimaliza vyote akiwa na jibu la kila mtu. Mjomba mkubwa, aliyeulilia ujumbe, ndiye aliyeuza wa kwanza. Mnunuzi alikata minazi yote 12 kabla ya Idi.