Waliotangulia Mbele ya Msafara

Siku hizi vijana wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma wanakuja Kigoma kutembea. Wanachanga nauli, wanamtafuta mwongozaji, na kwa siku moja wanazungushwa: asubuhi stesheni ya Kigoma, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1914, mchana Ujiji, kwenye makumbusho na mnara wa Livingstone, jioni ufukweni, kulitazama Ziwa Tanganyika jua likizama upande wa Kongo. Sisi tuliokulia Ujiji tulidhani utalii ni mambo ya Wazungu. Leo wajukuu zetu wanalipa kiingilio ili waijue nchi yao, na jambo hilo linanifurahisha sana. Ndiyo maana nataka kuzungumza nao, na kuzungumza na wazee wenzangu pia.

Tulipokuwa shuleni, habari za mji wetu tulifundishwa kama habari za wageni. Tulikariri kwamba Burton na Speke walifika hapa mwaka 1858, na kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone. Mwalimu aliuliza tarehe, tukanyoosha mikono. Nani aliwaonyesha njia, nani aliwabebea mizigo, nani aliwatafutia chakula na kuwaombea ruhusa kwa watemi, hayo hayakuwamo katika mtihani.

Nao watu hao wana majina. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Huyo ndiye aliyeandamana na Burton na Speke hadi ziwani kwetu. Baadaye alikwenda tena na Speke kutafuta chanzo cha mto Naili, akawa katika msafara wa Stanley mwaka 1871, kisha akalivuka bara zima pamoja na msafiri Mwingereza, Cameron, hadi pwani ya Atlantiki. Wapo pia Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Siku Stanley alipoingia Ujiji, Susi alimlaki kabla Livingstone mwenyewe hajaonana naye. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukafika mwaka 1874. Mtoto wa Ujiji anastahili kuyajua majina haya kabla hajajua la Stanley.

Lakini kulikuwa na kimya kingine, na hicho kilitoka nyumbani. Ujiji ilikusanya watu wa kila namna: Waha wenyeji, Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa, Wanyamwezi wa misafara, Waarabu na Waswahili wa pwani. Wengine walikuja kutafuta riziki. Wengine waliletwa wamefungwa kamba. Wajukuu zao walijenga nyumba ukuta kwa ukuta, wakaoana, wakazikana. Ukimuuliza bibi babu wa fulani alifikaje hapa, alikukatiza: "Yaliyopita si ndwele." Nilipokuwa kijana nilidhani hataki tu kusumbuliwa. Sasa naelewa kwamba alikuwa akimlinda jirani. Katika mji ambamo mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana wanachota maji kisima kimoja, kunyamaza kulikuwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuishi pamoja. Ulipokuja Uhuru, tukaambiwa sote ni ndugu, na wengi wetu hatukuona haja ya kuuliza zaidi.

Kimya kile kilifanya kazi yake, na kazi hiyo imekwisha. Kijana wa leo hamcheki mwenzake kwa asili ya babu wa babu yake. Anataka kujua tu. Anayeendelea kumficha habari hizi sasa hamlindi mtu yeyote. Anawaacha waliofungwa kamba wapotee mara ya pili.

Niliwahi kulifuata kundi moja la vijana nikaona jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa. Mwongozaji alikuwa binti wa hapahapa. Walipofika kwenye sanamu za Livingstone na Stanley, kila mtu alitoa simu apige picha. Aliwaacha wamalize, kisha akawageuza waangalie mashariki. Akawaeleza kwamba njia ya misafara ilitokea Bagamoyo, ikapita Tabora, kilomita zaidi ya elfu moja, na kwamba mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Akamwomba kijana mmoja mwenye misuli amnyanyue begani dada yake mdogo, atembee naye hadi getini na kurudi. Alirudi akihema. Hakuna aliyecheka. Binti yule akanigeukia: "Babu, na waliovushwa ziwa kutoka Manyema, walikuwa wakiteremshiwa wapi?" Nikamwonyesha upande nilioonyeshwa na bibi, siku moja tu aliyokubali kusema. Akatoa daftari, akaandika, akauliza tena.

Ziwa nalo linahitaji kuulizwa hivyo. Mgeni huambiwa kwamba lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na hushangaa. Huambiwa habari za meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza, ikarudi kazini mwaka 1927. Ni kisa kizuri. Lakini wapo kina mama waliopanda meli hiyo na madumu ya mawese na magunia ya dagaa, wakashukia Kasanga na Mpulungu. Wapo watu walioabiri wakiwa wakimbizi. Kwao ziwa lilikuwa barabara na soko, na mara nyingine kimbilio. Hakuna kibao kinachosema hivyo.

Basi wazee wenzangu, mtoto akija na daftari, tumpe kiti. Tuseme tulichosikia, na tuseme pia nani alituambia, ili naye akipeleke kwa uaminifu. Nanyi waongozaji, katika ratiba yenu ya siku moja punguzeni saa moja ya picha, mkae na mzee barazani. Mkilipwa kwa ajili ya simulizi hizi, mzee naye apate fungu lake. Na nyie mnaokuja kutembea, msiondoke Ujiji kabla hamjauliza nani alitangulia mbele ya msafara. Kizazi chetu kilifundishwa kujibu. Chenu kinajua kuuliza, na waliobaki wenye majibu wanapungua kila mwaka.