Kizazi cha Ugali wa Yanga

Sisi wazee wa Handeni tuna kalenda yetu. Ukimuuliza mtu wa rika langu mwanawe wa kwanza alizaliwa lini, hatakutajia mwaka, atakutajia njaa. Atasema, yule alizaliwa baada ya njaa ile, mvua zilipoanza kurudi. Kwetu Uziguani njaa ndiyo ilikuwa cheti cha kuzaliwa.

Mimi nina njaa mbili kichwani. Ya kwanza ni ya 1961. Nilikuwa na miaka kumi, nchi inajiandaa kupandisha bendera yake, na mahindi yetu kule Sindeni yamekauka yakiwa hayajapita magoti yangu. Yakaja mahindi ya msaada kutoka Marekani, ya njano. Bibi aliyamimina kiganjani, akayanusa, akasema haya ni ya kuku. Kisha akayatwanga, akayapika, tukala sote. Kuku hawakupata hata punje.

Ya pili ni ya 1974. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni, bibi shamba mwenye baiskeli na daftari. Mvua zilikuwa zimesusa karibu nchi nzima, na watu ndio kwanza wanahamishiwa katika vijiji, wengine wameacha mihogo yao ardhini huko walikotoka. Unga wa njano ukarudi. Safari hii watu waliupa jina: unga wa yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya Yanga. Marehemu mume wangu alikuwa Simba wa damu. Alikula ugali wa yanga msimu mzima na sikumwona hata siku moja akibakiza tonge.

Njaa hizo mbili ndizo zilizotulea. Ukoko wa sufuria tuliukwangua na kuugombania. Kiporo cha usiku kilikuwa kifungua kinywa, maganda ya mihogo yalikuwa ya mbuzi. Wajukuu zangu wakinisikia nikisimulia hudhani nawasifia uadilifu wa zamani. Hapana. Ilikuwa hofu. Mtu aliyeona mama yake akilala na kanga imekazwa tumboni hahitaji kufundishwa kutomwaga chakula.

Na hofu hiyo ilikuwa na mizizi ya mbali kuliko sisi. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwakumba Wazigua. Wapo walioshuka pwani kutafuta chakula, wakaingia majahazini kwa ahadi ya kulishwa na kupewa kazi, wakajikuta wameuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Baadhi walitoroka, wakaweka makazi kando ya mto Juba, wakalima huko kwa vizazi kadhaa bila kuiacha lugha yao. Vita vya Somalia vilipoanza 1991, baadhi ya wajukuu wao walirudi huku wakiwa wakimbizi. Wakapokelewa Handeni, mwanzo kambi ya Mkuyu, baadaye makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia. Nilikwenda Chogo nikakaa na mama mmoja wa umri wangu. Kizigua chake kilikuwa cha bibi yangu, na maneno ambayo watoto wetu hapa wameyasahau alikuwa nayo yote. Nilimuuliza wazee wake walisemaje juu ya kuondoka. Akajibu kwa ufupi: walifuata chakula. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema njaa ni ya miezi mitatu, namkumbuka mama yule ambaye njaa ya mababu zake ilichukua zaidi ya miaka 150 kumrudisha nyumbani.

Basi kizazi chetu kiliapa kwamba haitatokea tena. Tukapewa na silaha za kupigania, kampeni za taifa. 1972 ikaja Siasa ni Kilimo. 1973 Mtu ni Afya, redio imezungukwa na watu chini ya mwembe. Baada ya njaa ya 1974 tukasikia Kilimo cha Kufa na Kupona, na 1975 Chakula ni Uhai. Nilizunguka na baiskeli yangu vijiji vya Handeni, baadaye nikahamishiwa Korogwe, nikafundisha kupanda kwa mistari, kupalilia mapema, kila kaya kuwa na shamba la mhogo na mtama. Nilijua kuhesabu miche kwa ekari kuliko nilivyojua kuhesabu wanangu.

Lakini leo, nikiyafungua madaftari yangu ya zamani, naona tulichoacha. Tulifundisha kulima na tukafundisha kula. Katikati ya kulima na kula kuna miezi kumi, na hiyo hatukuifundisha. Kuhifadhi tuliwaachia bibi zetu na moshi wao.

Na moshi ule ulifanya kazi. Mahindi yalipandishwa darini jikoni pamoja na maganda yake, moto ukiwaka chini kutwa, masizi yakayavaa, fukusi wakakimbia. Kisha akaja mdudu mwingine. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na wataalamu wanaamini alisafiri ndani ya shehena ya nafaka. Alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1983 alikuwa ameshavuka mpaka hadi Taveta, Kenya. Watu wakamwita dumuzi, wengine wakamwita Scania, jina la lori. Mahindi ya magunzi ndiyo aliyoyapenda kuliko yote, na makopa ya mhogo hakuyasaza.

Ikanibidi niende nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama wayashushe mahindi darini, wayapukuchue, wachanganye na dawa ya vumbi, gramu 100 kwa gunia. Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akatazama juu darini kwake, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo na moshi nao umezeeka?" Sikuwa na jibu. Nilimpa pakiti ya dawa nikapanda baiskeli.

Sasa niseme la aibu yangu. Mwaka huohuo nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa na magunia sita yaliyobanwa ukutani. Mtaalamu mimi, nilikuwa na haraka ya kuwahi vijiji vya watu. Siku nilipofungua gunia la kwanza, mkono ulizama ndani ya unga. Dumuzi alikuwa ametusagia bila mashine. Wahenga walisema akiba haiozi. Nawaheshimu wahenga, ila mahindi hawakuyauliza. Akiba huoza. Huoza kwa unyevu, kwa mdudu, kwa panya, na huoza kwa mwenyewe kudhani kwamba kuvuna ndiyo mwisho wa kazi.

Kuna uozo mwingine usionuka. Nendeni Mkata, nendeni Kabuku na Segera baada ya mavuno ya masika. Malori yamepanga foleni, mnunuzi anadai lumbesa, gunia limevimbishwa kichwa mpaka limeshonwa kwa kamba, na mkulima anauza kwa sababu mtoto anatakiwa shuleni na duka linamdai. Februari mkulima huyohuyo yuko kwenye duka lilelile ananunua unga kwa kilo, kwa bei ambayo ingemfanya alie kama angekumbuka aliuza kwa ngapi. Na machungwa? Msimu ukichanganya, yanalala chini ya miti hadi nyuki wanayachoka. Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao Baada ya Kuvuna wa 2019 hadi 2029 unakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya mazao nchini hupotea baada ya kuvunwa. Wengine husoma hapo asilimia. Mimi nasoma migongo ya akina mama: katika kila siku kumi walizoinama na jembe, tatu walimlimia dumuzi na jalala.

Zamani tulidhani njaa ni jambo la Handeni, kwa sababu Korogwe ina mto na Handeni ina mawingu tu. Mwaka wa njaa wanaume wetu walishuka Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge na kingo za mto Pangani, kutafuta kibarua cha kurudi na unga. Leo nakaa Korogwe mjini, na naona chakula kikimwagwa palepale tulipokuja kukiomba. Miaka michache iliyopita nilialikwa harusi katika ukumbi mmoja hapa. Kamati ilikuwa imekusanya michango ya kutosha kujenga nyumba. Usiku wa manane masinia ya pilau yalirudi jikoni hayajaguswa, yakamiminwa kwenye mapipa. Nilisimama mlangoni nikahisi kama nakosa adabu kuwa hai.

Ila hatuko peke yetu katika dhambi hii. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza 2024 kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, mahotelini na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitupwa na kaya. Maana yake mtupaji mkubwa wa chakula duniani ni mtu aliye jikoni kwake, kama wewe na mimi.

Wazee wenzangu wakifika hapa huanza kuwalaani vijana. Mimi nimekataa. Kwanza, hata kutotupa kwetu kulikuwa na upofu. Mahindi yaliyoota ukungu tuliyaosha tukala, mabaya zaidi tukapikia pombe au tukawapa kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu kama huo, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Hofu ya njaa ilitufundisha kubakiza, haikutufundisha kuchagua.

Pili, vijana hawa ninaowaona wanajua mambo ambayo mimi na diploma yangu sikuyajua. Kuna kikundi cha akina mama na vijana kijijini kwetu, wanaweka na kukopa kila wiki kama vikundi vingine. Siku moja waliniita niwatembelee. Kijana mmoja alichukua chupa kavu, akatia mahindi kidogo na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikashika ukutani mwa chupa. Akasema, "Bibi, haya bado mabichi, yarudi juani." Hakuna mashine wala mtaalamu kutoka wilayani. Yakikauka wanayatia kwenye mfuko wa kinga njaa, wenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje. Wanaukamua hewa, wanafunga kila tabaka peke yake. Mdudu aliyemo humaliza hewa yake mwenyewe akafa, na dawa haihitajiki. Bei ya mfuko ni kubwa kuliko kiroba cha kawaida, kwa hiyo wanaununua kwa fedha za kikundi, na anayebanwa na ada hukopa hapo badala ya kukimbilia lori. Nilipouliza nani aliwafundisha, walicheka. Mmoja akasema walianza kwa kuchoka kununua mahindi yao wenyewe.

Jambo lililonigusa zaidi ni la shule. Tangu 2021 kuna mwongozo wa taifa wa chakula shuleni, na wazazi ndio wachangiaji wakuu. Kila Januari mwalimu aliita mkutano kuomba mahindi na maharage. Kila Januari akina baba waliinamisha vichwa, maana majumbani hakuna. Watoto wakaingia darasani na matumbo matupu, na wazazi wakaitwa wagumu. Kikundi kile kikapeleka hoja katika mkutano wa kijiji: mchango uhamishwe, utolewe Agosti, siku ya kupukuchua, uhifadhiwe kwenye mifuko ileile. Kiwango cha mchango hakikuongezeka, wala wazazi hawakutajirika. Kilichobadilika ni mwezi. Mwaka uliofuata sufuria ya shule ilibandikwa tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Nilirudi nyumbani nimekaa kimya kwenye daladala. Miaka zaidi ya thelathini nilizunguka nikipambana na njaa kwa kutazama mawingu. Hawa wametazama kalenda. Kizazi changu kilijua njaa inapofika. Wao wamejua inapoanzia. Inaanzia siku ya mavuno, ghala likiwa limejaa, watu wakiwa na furaha na lori likiwa linanguruma barabarani.

Kwa hiyo, wajukuu zangu wa Handeni na Korogwe, siwaachii hofu yangu. Ilinisaidia, lakini hofu haitunzi mahindi. Masika haya yakiisha, anikeni juu ya turubai, msianike juu ya udongo. Chambueni yaliyoota ukungu, na msimpe mtu wala kuku. Pimeni kwa chumvi kabla ya kufunga. Kataeni lumbesa, ni kinyume cha sheria. Wenye kamati za harusi, hesabuni wageni kabla ya kuhesabu mchele, na masinia yasiyoguswa yapelekwe kwa wenye njaa usiku huohuo yakingali moto. Na debe la shule litoeni Agosti. Debe moja Agosti halimuumizi mtu. Debe hilohilo Februari linaweza kumwamulia mtoto kama atabaki darasani au atarudi nyumbani.